Ua la Kipupwe: Tulivyokwenda Madimba

Akina mama wenzetu, bila shaka nanyi mmewahi kupokea zile kadi za Pasaka zenye picha ya maua meupe ya Ulaya yakichomoza kwenye theluji. Kwa wenyewe maua hayo yana maana kubwa. Majira ya baridi yamekwisha, ardhi iliyokuwa kama imekufa imeamka, na mtu akiliona ua la kwanza moyo wake hupata nguvu. Sisi tumezipanga kadi hizo juu ya kabati mwaka baada ya mwaka, na theluji yenyewe hatujaiona isipokuwa ndani ya friji.

Mwaka 2024, siku ya kupamba kanisa kwa ajili ya Pasaka, tulikuwa watano tukifuta vumbi maua ya plastiki, na mazungumzo yakaangukia hapo. Kwa nini tuazime ua la watu? Je, sisi hatuna letu? Mmoja wetu akautaja mkrismasi, mti ule unaowaka mwekundu mwezi wa Desemba, ambao watoto wakiuona tu wanajua nguo mpya haziko mbali. Mwingine akautaja mwembe. Mwenzetu wa tano, ambaye kwao ni Madimba katika Mkoa wa Mtwara, alikuwa akisuuza kitambaa chake bila kusema neno. Mwishowe akasema, "Kwetu ua la namna hiyo lipo. Ila hatulitii kwenye chupa."

Tulipomwuliza ni ua gani, akajibu kwamba ni la mkorosho. Tukacheka. Ni nani aliyewahi kumpelekea bibi harusi ua la mkorosho? Yeye hakucheka. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na alikuwa akijiandaa kwenda kumwona mama yake mwezi wa Agosti. "Twendeni wote," akasema. "Mtaliona."

Ndivyo tulivyoanza kuweka akiba, kila mmoja kidogo kidogo kutoka kwenye pesa ya matumizi, mpaka nauli ikatimia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilometa 550, na basi huondoka alfajiri. Wenye umri wetu wanaikumbuka safari ya kusini ilivyokuwa zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Watu walikuwa wakilala kando ya mto Rufiji wakingoja kivuko, na wengine waliona afadhali wapande meli. Siku hizi ni lami, ingawa hata lami ina mambo yake: mvua za Mei mwaka huo wa 2024 ziliikata barabara maeneo ya Somanga, na magari yakakwama huko na abiria wake. Tulipopita Agosti tulionyeshwa mahali penyewe, tukanyamaza kidogo. Mtwara tuliingia usiku, miguu imevimba, tukalala kwa ndugu wa mwenzetu.

Asubuhi tulipanda gari dogo la abiria. Njia ya Madimba inaachana na barabara kuu pale Mangamba, kisha inaelekea kusini mashariki, upande wa Msimbati na mto Ruvuma. Ni nchi tambarare yenye mchanga. Minazi ipo, mihogo ipo, mbaazi zipo, lakini mti unaotawala ni mkorosho. Na kabla hatujaliona ua lolote, tulilisikia. Tunasema kulisikia kwa pua, kama wasemavyo watu wa pwani. Dirisha la gari lilikuwa wazi, na harufu tamu nzito ikaingia, kama ya asali iliyoachwa juani. Mmoja wetu akamwuliza jirani yake amejipaka manukato gani. Mwenzetu mwenye kwao akatabasamu. "Ndilo hilo," akasema.

Lazima tuwaambie kwamba Madimba si jina geni kwenu, hata kama hamjafika. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha kusafisha gesi asilia, kilichozinduliwa mwaka 2015. Gesi inatoka Mnazi Bay, jirani na Msimbati, ilikogunduliwa mwaka 1982, na bomba linaipeleka mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwa hiyo pasi zetu na friji zetu zinakula jasho la Madimba kila siku, wala hatukuwa tumewahi kulifikiria jambo hilo mpaka tulipopita mbele ya uzio ule mrefu. Watu wa huku walikuwa na lao la kusema bomba lilipokuwa linapangwa, na mwaka 2013 Mtwara ilipata ghasia zilizogharimu maisha ya watu. Hatukwenda kuchambua hayo. Lakini kijana mmoja ndani ya gari alisema neno ambalo lilitukaa. Alisema gesi ni mali iliyo chini ya miguu yao, bali ubani wa nyumba zao uko juu ya matawi.

Mama wa mwenzetu (nasi tulimwita Bibi tangu siku ya kwanza) alitupokea barazani. Ni mama wa Kimakonde, Mwislamu kama walivyo wengi wa pwani hii, na binti yake aliingia Ukristo alipoolewa. Tulikuwa na wasiwasi kidogo juu ya hilo, tukakuta ni wasiwasi wetu sisi peke yetu. Tulipiga magoti tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mara tano, moja kwa kila mmoja wetu, akituangalia usoni. Kisha akasema tuingie tule. Chakula kilikuwa ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo mtu wa kusini akiwa ugenini huiota usiku, imechemshwa vizuri, na samaki wa nazi. Kwa waliozoea kunywa chai na mkate, ming'oko ni kitu cha kuzoea. Siku ya pili tulikuwa tukigombania ya mwisho.

Sasa tuje kwenye ua lenyewe.

Ua la mkorosho, ukiliangalia moja moja, ni dogo sana, halifiki ukubwa wa ukucha wa mtoto. Lina petali tano nyembamba zilizojikunja nyuma. Likifunguka ni jeupe au la rangi ya maziwa lenye michirizi, na kadiri siku zinavyopita linageuka waridi, kisha jekundu. Kwa hiyo katika shada moja unaweza kuona ya jana, ya juzi na ya leo yakiwa pamoja, kila moja na rangi yake. Shada moja huwa na maua mengi, mara nyingine mamia. Lakini sehemu kubwa ya hayo ni madume ambayo hayazai kabisa. Na hata yale yanayoweza kuzaa, machache tu ndiyo hufika mpaka kuwa korosho. Mengine huanguka, na asubuhi mchanga chini ya mti huwa umefunikwa kama watu wamemwagia harusi.

Linachanua wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekwisha na upepo wa kusi ukivuma. Tangu ua kushika mimba hadi korosho kukomaa ni kama miezi miwili. Kwanza hutokea korosho yenyewe, kijani na laini, na baada ya hapo ndipo bibo linavimba nyuma yake, mpaka likining'inia mtu huona kama mtoto amembeba mama. Mavuno huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Mti wenyewe si wa asili yetu. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, ukapenda mchanga wa pwani hii ukabaki. Huku kusini ndiko zinakotoka korosho nyingi zaidi za Tanzania, na katika nyumba nyingi ndiyo zao pekee linaloleta pesa ya mkupuo. Sare, mabati, harusi, matibabu, vyote husubiri korosho.

Ndiyo maana siku ile ya kwanza tulifanya kosa.

Jioni, Bibi akiwa amekwenda kuswali, mmoja wetu alitoka uani akavunja mashada matatu ya maua, akayatia kwenye glasi ya maji na kuyaweka katikati ya mkeka tulipokuwa tunaandaliwa chakula. Tuliyasifia sana. Bibi aliporudi aliyaona. Hakusema kitu. Alikaa, akanawa, akatukaribisha kula. Mjukuu wake ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Ni binti wa darasa la saba wakati ule, mwembamba, hodari wa hesabu. Akayasogelea, akayageuzageuza, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, hizi zingefika korosho kumi na tano hivi."

"Ni pakiti ya chumvi," Bibi akajibu. "Wageni wetu wametuletea mengi kuliko hayo. Kula."

Tuliona aibu ambayo hata sasa tukiiandika inatuwasha. Hasara ilikuwa ndogo, mtoto mwenyewe ameipiga hesabu. Lakini tulielewa sasa kwa nini kwao ua hili halitiwi kwenye chupa. Sisi tuliona pambo. Wao waliona kitu ambacho bado hakijawa, na ambacho mtu hana ruhusa ya kukigusa.

Mwenzetu alitueleza zaidi usiku, tukiwa tumelala wote chumba kimoja kama wanafunzi wa bweni. Alisema, "Mnaposoma habari za Yeremia kuonyeshwa tawi la mlozi, mimi huona mkorosho." Tulitaka afafanue. Katika nchi ya Biblia mlozi ndio mti unaotangulia kuchanua, baridi haijaisha, matawi yakiwa hayana hata jani. Na kwa Kiebrania jina la mlozi linakaribiana sana na neno la kukesha, kuangalia kwa makini. Kwa hiyo ua lile la majira ya kuchipua, ambalo wengine wamelifanya ishara ya furaha tu, pale ni ishara ya mtu asiyelala, anayekiangalia alichokiahidi mpaka kitimie. "Basi hayo ndiyo mkorosho," alisema. "Kesho mtamwona mama akikesha. Ila ile fimbo ya Haruni ilikuwa na bahati yake. Ilichanua na kuzaa usiku mmoja. Sisi tunangoja miezi miwili, na ubwiriunga haungoji."

Kulikuwa bado giza tulipoamshwa. Bibi alikuwa ameshajifunga kanga moja kiunoni na nyingine usoni, yakabaki macho. Kijana mwenye mashine ya kupulizia alikuwa nje akitia petroli. Kazi hii hufanywa alfajiri, upepo ukiwa haujaamka na umande ukiwa bado juu ya majani, ili unga wa salfa ushike. Jua likipanda, upepo wa kusi hubeba salfa yote baharini na pesa yako pamoja nayo. Mashine iliponguruma, wingu la njano likapanda ndani ya mti wa kwanza na kutokea juu. Harufu tamu ya jana ikafukuzwa na harufu ya kiberiti. Macho yalituwasha, tukakohoa, tukarudi nyuma. Bibi hakurudi. Alikuwa akitembea mti hata mti, akiinua uso kuangalia kama vilele vimepata.

Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu. Unapenda baridi na unyevunyevu wa kipupwe, yaani unakuja wakati uleule wa ua. Shada linalopatwa huonekana kama limepakwa unga wa muhogo, kisha hukauka na kuwa jeusi, wala halitoi kitu. Ulianza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na ulikuta mikorosho tayari ina matatizo mengine. Wakati wa kuhamia vijijini, watu wengi walisogezwa mbali na mashamba yao, yakageuka pori. Na bei nayo ilikuwa haimtii mkulima moyo. Matokeo yake, nchi iliyokuwa imevuna zaidi ya tani 140,000 katika msimu wa 1973/74 ilivuna chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Bibi anaikumbuka miaka ile. Alisema watu walikata mikorosho wakachoma mkaa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho hakiko mbali na Mtwara mjini, ndio waliosaidia kuurudisha mti huu kwa salfa, dawa na miche bora, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Ni habari njema kabisa. Lakini kwa mama mwenye mikorosho 40 na mume amelala kaburini, habari njema ya nchi haimpulizii mti hata mmoja. Kila mti unataka kama robo kilo ya salfa, na inarudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka maua yaishe. Salfa huipata kupitia chama cha ushirika, bali mwenye mashine hulipwa, na petroli hununuliwa kwa fedha taslimu. Na Agosti ni mwezi mkavu, mkavu wa mfuko pia.

Hapo ndipo anapokuja kangomba.

Huenda neno hili hamlijui. Asili yake ni chombo cha kupimia korosho kinachotumika mahali pa mizani, na siku hizi ndilo jina la biashara yenyewe na hata la mfanyabiashara. Huja wakati wa maua. Anakupa pesa leo, wakati una shida, nawe unamwahidi korosho zako za Oktoba kwa bei anayoitaka yeye. Yaani anainunua korosho ikiwa bado ua. Serikali inakataza, korosho zinatakiwa zipitie ushirika, ghalani na mnadani kwa mpango wa stakabadhi ulioanza msimu wa 2007/08. Mwaka 2018 Serikali yenyewe ilipozinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wenye kangomba walitafutwa sana. Hawakwisha. Shida ya mama mwezi wa Agosti ndiyo inayowaweka hai, na tusiwaseme sana wanaouza, maana mtoto akiwa na homa usiku hakuna mnada.

Tulikuwa barazani siku ya tatu alipofika mmoja. Alikuwa mtu mzuri wa maneno, amevaa safi, akamwamkia Bibi kwa heshima na kumpa pole ya msiba. Aliuliza hali ya shamba. Akasema amesikia raundi ya tatu ya salfa imechelewa, naye hataki kuona mashada ya marehemu yanaharibika. Atatoa shilingi 100,000 hapo hapo, korosho kilo 100 baadaye. Alikuwa nazo mkononi. Sisi wageni tulitazamana. Kwa kweli, tungeulizwa, baadhi yetu tungesema chukua. Mti usipopuliziwa hata hizo kilo 100 hazipatikani.

Bibi alimwambia, "Baba, kaa unywe chai." Akanywa. Kisha akamwambia, "Nilishawahi kuuza ua. Sitauza tena." Wala hakueleza zaidi mpaka mgeni alipoondoka.

Alieleza jioni, akichambua mbaazi, bila kutuangalia. Ilikuwa Agosti mwaka 2010. Mume wake aliugua, wakahitaji pesa ya matibabu na chakula. Waliuza gunia tatu zikiwa kwenye maua. Mume alipona, wakamshukuru Mungu. Mavuno yalipokuja, mwenye deni alifika na chombo chake, si mizani, na gunia tatu zikawa karibu tano. Mikorosho ilikuwa imezaa vizuri mwaka ule, kila mtu anakumbuka, lakini nyumba yao ilibaki na mabibo. Januari binti yao mdogo alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza. Wakati huo ada ilikuwepo bado, ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, pamoja na sare, daftari na michango. Hawakuwa nayo. Wakasema asubiri mwaka mmoja. Hakufika mwaka. Mwaka 2012 alijifungua yule mjukuu mwenye hesabu.

"Sikumuuza mwanangu," Bibi alisema. "Niliuza ua. Lakini ukitazama, ni kitu kilekile."

Mwenzetu alikuwa analia. Yule ni mdogo wake, anayepika vitumbua Mtwara mjini, na kwa miaka yote hakuwahi kuambiwa kisa chenyewe. Yeye alikuwa Dar es Salaam, ameolewa, na alidhani mdogo wake aliacha shule kwa utundu. Alikuwa amemsema sana kwa hilo.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulitoa vibindo vyetu, tukahesabu, tukaacha nauli ya kurudia. Ikapatikana shilingi 120,000. Asubuhi tulimpelekea Bibi kwa mikono miwili. Alikataa kuipokea kama zawadi, akasema wageni wa msiba hawaachi pesa nyingi kiasi hicho bila kuacha na mzigo. Tukamwomba basi ichukuliwe kama mkopo. Na mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akaongeza, "Utatulipa kwa korosho, Bibi, ukivuna."

Bibi aliangua kicheko, mpaka akashika ubavu. "Haya! Nanyi mmekuwa kangomba?"

Tulinyamaza. Tulikuwa tumevaa misalaba shingoni, tumefanya maombi ya asubuhi, na tulikuwa tumesema neno lilelile alilolisema yule mtu mwenye fedha mkononi. Tofauti ilikuwa kicheko cha Bibi tu. Ndipo akatupangia mwenyewe. Atakopa pesa, atalipa pesa, hiyo hiyo 120,000, baada ya mnada na si kabla. Korosho zake zitapita kwenye mizani kama za watu wengine. Alimwita mjukuu aandike kwenye daftari la shule, ukurasa wa nyuma, naye aliandika kwa mwandiko mzuri na kutusainisha wote watano.

Kabla ya kurudi tulifika Msimbati, maana haifai kuja mpaka Madimba bila kufika. Mchanga wake ni mweupe na mrefu, mivinje inapiga miluzi, na maji yanapokupwa wanawake huingia mbali sana na ndoo zao kutafuta chaza. Mbele zaidi ni mlango wa Ruvuma na mikoko yake, na ng'ambo ni Msumbiji. Eneo hilo lote limo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Pazuri mno. Ila tukiri kwamba tulizungumza habari za mikorosho njia nzima.

Raundi ya tatu ilipigwa kesho yake, na ya nne baada ya majuma mawili, sisi tukiwa tumerudi mjini. Mwenzetu alipita Mtwara kwa mdogo wake siku ya kuondoka. Walikaa ndani, mlango umefungwa, sisi tukingoja nje karibu na kikaango, tukala vitumbua vyote vya mchana ule na kuvilipia. Walipotoka hatukuuliza.

Septemba mjukuu alifanya mtihani wa darasa la saba. Oktoba tulipigiwa simu. Miti ya upande wa chini, kama kumi na miwili, ilikuwa imeshikwa na ubwiriunga, mashada yake yamekuwa meusi. Raundi ya tatu ilichelewa kweli, yule mtu hakusema uongo. Iliyobaki imezaa vizuri. Bei mnadani ilipita shilingi 3,000 kwa kilo. Desemba tulipata ujumbe wa pesa kwenye simu, shilingi 70,000, na baada yake sauti ya mjukuu. Alisema amechaguliwa kidato cha kwanza. Alisema sare imeshonwa tayari, viatu bado. Alisema Bibi anauliza hali zetu mmoja mmoja, na anatuarifu kwamba daftarini zimebaki 50,000, atazimaliza msimu ujao, mikorosho ikichanua tuje tuione.

Pasaka iliyofuata tulipamba kanisa kama kawaida. Maua yalikuwa yale yale ya plastiki. Tuliyafuta vumbi.